Rivyuu ya amitriptilini kwa mgonjwa wa MS: usiku naisifu, mchana wa kaskazi hatuelewani

Naanza na maksi kabisa maana najua kuna wanaosoma huku wamekaa foleni ya hospitali. Kwa miguu inayowaka moto usiku, nne kati ya tano. Kwa kibofu, nne pia ila kwa masharti. Kwa kile kicheko na kilio kinachokuja bila kuitwa, tano zote na shukrani juu. Kwa huzuni yenyewe, kwa dozi ninayomeza mimi, sifuri. Na kwa kuishi nayo hapa Mtwara tangu kaskazi inapoanza, yani ule msimu wa joto, mpaka upepo wa kusi urudi, moja, tena hiyo moja nimeitoa kwa huruma.

Dawa ni amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja usiku. Ukifungua kile kikaratasi cha ndani ya boksi utakuta imeandikwa ni dawa ya sonona, na ni kweli, ni dawa ya zamani sana ya sonona, Marekani waliiruhusu tangu 1961, wengi wetu hatujazaliwa. Mimi sikuandikiwa kwa ajili ya sonona. Niliandikiwa kwa ajili ya MS, na hapo ndo maneno mengi yanapoanzia, ya famasi, ya ndugu, ya majirani, kwa hiyo naomba nieleze taratibu.

Kwa asiyeijua, MS kirefu chake ni multipo sklerosisi. Kinga ya mwili wako mwenyewe inakosea adui, inaanza kula lile ganda linalozunguka nyuzi za mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo, sasa taarifa zinazopita humo zinachelewa au zinapotea au zinafika zimeharibika. Mfaransa mmoja, Jean-Martin Charcot, ndo aliielezea vizuri pale Paris mwaka 1868. Inawapata zaidi watu wa mbali na ikweta, Ulaya ya kaskazini na Kanada huko, ndo maana ukiitaja huku kusini hata mtu wa afya anaweza kukuomba umuandikie. Kwangu ilianza na jicho la kushoto kuingia ukungu, halafu ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini, halafu kitu kama shoti ya umeme inayoshuka mgongoni kila nikiinamisha kichwa kusahihisha madaftari. Mtaani kwetu Mikindani watu wakagawanyika, hawa wanasema kiharusi hawa wanasema jini, mpaka MRI ya Dar ikaonyesha madoa kwenye ubongo na uti wa mgongo ndo mabishano yakaisha. Yani yakapungua, kwisha hayajaisha, mama mkwe wangu mpaka leo ana mtu wake anataka anipeleke.

Sasa maumivu. Nikisema miguu inawaka sisemi kwa kupamba, ni moto wa kweli, nyayo kama zimekanyaga makaa na shuka likigusa ndo unaruka kabisa. Ukiishika miguu yenyewe ni ya baridi, haina kidonda, haina uvimbe. Panado haifui dafu, diklofenaki haifui dafu, niliwahi kuchomwa sindano ya maumivu kwenye zahanati moja na nikatoka vilevile nilivyoingia. Sababu ni kwamba hakuna kitu kilichoumia mguuni, mguu hauna kosa, ni mishipa huko juu iliyochunika inatuma habari za uongo. Dawa za kawaida za maumivu zinapambana na uvimbe na majeraha, hapa hazina wa kupambana naye.

Daktari wa mishipa ya fahamu alinieleza hivi, naandika nilivyoelewa mimi mwalimu wa darasa la tatu. Kuna kemikali mbili, serotonini na noradrenalini, ambazo mishipa inazitumia kupeana habari. Zikishatumika zinarudishwa zilikotoka. Amitriptilini inazizuia zisirudi haraka, zinabaki nyingi pale kati, na kuna njia zinazoshuka kutoka ubongoni mpaka kwenye uti wa mgongo ambazo kazi yake ni kuyatuliza maumivu yanayopanda, zikipata hizo kemikali za kutosha zinafanya kazi vizuri. Haihusiani na wewe kuwa na huzuni au furaha. Ndo maana hata dozi ni tofauti, kwa maumivu ya mishipa unaanza na 10 au 25 usiku, wakati mgonjwa wa sonona anapandishwa mpaka 75 au hata 150 kwa siku. Na kwenye maumivu unaweza kuona tofauti mapema kuliko mtu wa sonona ambaye anasubiri wiki kadhaa.

Haya nenda kamueleze hivyo kijana wa famasi. Famasi ya kwanza niliyoenda hapa mjini, siitaji, kijana aliisoma karatasi akainua kichwa akaniuliza kwa sauti ya mnadani, "Mama, hii unamchukulia nani? Maana hii ni ya wagonjwa wa akili." Nyuma yangu kuna foleni, na kwenye foleni kuna mzazi wa mwanafunzi wangu. Nikamjibu, "Ya kwangu mwanangu, na nina akili zangu timamu, nipe na risiti." Watu wakacheka ikaisha, ila nilitoka pale nimefura. Kwanza mgonjwa wa akili naye ni mgonjwa ana haki ya kununua dawa bila kutangazwa kama nyanya. Pili ni kwa sababu hizi hizi watu wanaacha dawa, namjua mama mmoja mwenye kisukari, miguu inamuwaka kama yangu, aliandikiwa hii hii akaitupa chooni baada ya mumewe kusoma kikaratasi. Sasa hivi nanunua famasi nyingine, dada wa pale ananiwekea kwenye bahasha na kuniuliza kama choo napata vizuri, huduma ndo hiyo.

Usiku wa kwanza nililala. Naomba mtu mwenye MS aisome hiyo sentensi tena. Nililala mpaka adhana ya alfajiri bila kuamka kuitia miguu maji. Moto haukuisha wote, naona ulibaki kama robo hivi, lakini ile robo unaweza kulala nayo. Nisidanganye watu kwamba kila mtu atapata hivyo, maana hii dawa ndo ilivyo, kuna inaowashika vizuri na kuna ambao hawaoni kitu kabisa zaidi ya usingizi, na waliofanya utafiti wanakubali kwamba wanaopata nafuu kubwa ni wachache kuliko wasioipata. Mimi nimeangukia kwenye wachache. Ukijaribu kwa dozi iliyokaa sawa na muda wa kutosha ukaona hakuna kitu, rudi kwa daktari, usijiongezee.

Asubuhi sasa. Asubuhi za mwanzo niliamka kama mtu aliyekesha na uraka, ile pombe ya mabibo, kichwa kizito, ulimi umegandamana, chaki inaniponyoka. Dawa hii haina haraka ya kutoka mwilini. Kilichonisaidia ni kuacha kuimeza wakati wa kupanda kitandani na kuimeza mapema, saa mbili usiku nikishakula, basi ikifika asubuhi ule uzito umeshapungua. Baada ya wiki chache mwili ulizoea. Na kwa kuwa nimetaja uraka, msimu wa mabibo ukifika na huku kwetu kila nyumba wanakamua, wewe unayemeza hii kaa nao mbali, pombe juu ya amitriptilini inakulaza vibaya na inaweza kukukaba pumzi. Mimi sinywi lakini nimeona watu.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa, na ndo kimeipa maksi tano, ni hili la kicheko. Kabla ya dawa nilikuwa nacheka bila sababu. Sio kicheko cha kufurahi, kinapanda chenyewe tumboni kama kwikwi na siwezi kukishika, na mara nyingine kinageukia kilio katikati, machozi kabisa, huku moyoni sina huzuni yoyote nawaza mboga ya jioni. Kilinikuta kwenye msiba wa baba mdogo wa mume wangu, tumekaa jamvini wanawake, maiti bado ndani, kikanianza. Wifi yangu, Mungu ampe maisha marefu, alinifunika khanga kichwani akanitoa uani akawaambia watu mwenzenu kazidiwa na uchungu. Waliamini wengine, wengine hadi leo wananiangalia kwa jicho la pembeni.

Nilipomsimulia daktari hakushangaa hata kidogo, akaniambia ni MS imegusa zile njia za ubongo zinazozuia kicheko na kilio visitoke ovyo, hisia ziko salama ila breki imelegea. Na akaniambia dawa niliyo nayo tayari inafanya kazi hiyo pia, kwamba mwaka 1985 madaktari wa Marekani waliwapa amitriptilini wagonjwa 12 wa MS wenye tatizo hili hili, wanane walipata nafuu kubwa sana, na kwa dozi isiyozidi miligramu 75. Watu 12 ni kadarasa kadogo, najua. Lakini mimi kwa 25 tu kicheko kimekata, kinakuja kwa nadra sana na kikija nakishika. Leo nahudhuria misiba kama mtu mwingine. Siku hizi kuna dawa maalumu ya tatizo hili, Marekani waliipitisha 2010, ila mimi na iliyopo nimetosheka. Na hata zile dawa za sonona za kundi jipya, fluoksetini na setralini na wenzake, madaktari wanazitumia kwa kicheko hiki na wanaona matokeo.

Kibofu nimesema nne kwa masharti. MS ilikuwa imenifanya nikisikia mkojo nina dakika ya kukimbia, na kukimbia kwenyewe ndo huku kwa kuyumba. Amitriptilini inakausha, ndo tabia yake, inazuia kemikali nyingine inayoamrisha misuli ya kibofu ibane, basi kibofu kinatulia na usiku naamka mara moja au siamki. Ila tabia hiyo hiyo kwa mgonjwa wa MS ambaye shida yake ni mkojo kutotoka wote inakuwa balaa, itauzuia kabisa. Kabla hujashangilia omba upigwe ultrasaundi baada ya kukojoa waone kama kuna unaobaki. Mimi walinipima ndo nikaendelea. Wanaume wenye tezi dume iliyokua, na mtu yeyote mwenye presha ya macho au moyo unaoruka mapigo, mwambie daktari kabla hajaandika, usisubiri akuulize. Wazee wengi wanatakiwa kupigwa ECG kwanza, kile kipimo cha mapigo ya moyo.

Na kukausha hakuishii kwenye kibofu. Mdomo unakauka mpaka ukisoma kwa sauti darasani midomo inagongana. Choo kinakuwa kigumu, hapo papai na maji mengi na mchicha, na usiogope kusema famasi. Njaa nayo, jamani, njaa ya vitu vitamu, niliongezeka mpaka magauni ya Idi yakagoma, mume wangu anasema nimependeza lakini magoti yangu ya MS hayasemi hivyo.

Ramadhani watu wananiuliza sana. Dawa ni ya usiku kwa hiyo inaingia vizuri baada ya futari, kumeza sio tatizo. Tatizo ni ule mdomo mkavu kutwa nzima na choo, na kama Ramadhani imeangukia miezi ya joto hapo tunazungumza habari nyingine. Mimi mwaka wenye joto kali daktari alinikataza na shekhe wetu akasema mgonjwa ana ruhusa yake, nikalisha maskini, sikuona haja ya kubishana na wawili hao.

Sasa joto lenyewe, maana hapa ndo nina ugomvi wangu na hii dawa na sijaona mtu ameliandika kwa ajili yetu wa pwani. MS na joto ni maadui wa siku nyingi. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliona hili mwaka 1890, wagonjwa wake macho yalikuwa yanafifia wakifanya mazoezi, baadaye ikajulikana kwamba mwili ukipanda joto hata kidogo tu ile mishipa iliyochunika inapitisha habari vibaya zaidi. Sio kwamba ugonjwa umeongezeka, ukipoa unarudi kama ulivyokuwa. Lakini wewe mwenyewe unaona umelegea, jicho limeingia ukungu, mguu unaburuta. Wenzetu wa huko Ulaya wanaambiwa waepuke maji ya moto ya kuoga na sauna. Mimi naepukaje Mtwara mwezi wa kwanza, unyevunyevu wa bahari, hakuna upepo, darasa la bati na watoto wamejaa?

Mungu ametupa jasho ndo la kutupoza. Amitriptilini inakausha na jasho. Mwaka wa kwanza sikujua, niliona tu kwapa kavu nikafurahi nimepumzika na harufu, na huku kila ikifika saa saba mchana miguu inageuka uji, natembea kwa kushika ukuta wa darasa, nilifikiri MS imenipanda nikaanza kulia, kilio cha kweli hiki. Vipimo vikaonyesha hakuna doa jipya. Daktari akaniuliza, "Unatoka jasho mama?" Nikamwambia hapana. Akatingisha kichwa. Dawa inanipunguzia njia ya kujipoza, na ugonjwa wangu unamuadhibu yeyote asiyejipoza. Kila kimoja peke yake nakimudu, viwili pamoja kwenye joto la kaskazi ni mtego. Na kikaratasi cha ndani ya boksi hakijafikiria mwalimu wa Mtwara.

Ninachofanya ni hivi: vipindi vyangu mkuu wa shule kaviweka asubuhi, soko naenda saa kumi na mbili unusu kabla jua halijakaza, khanga iliyoloweshwa shingoni sitoki bila hiyo, naoga maji ya mtungi mchana nikirudi, na feni. Feni ikiwa na umeme. Gesi inachimbwa hapa hapa kwetu Mnazi Bay lakini siku feni ikizima saa nane mchana utajua hujui. Miezi ya sita mpaka ya nane kusi likivuma mimi ni mtu mwingine, natembea mpaka Feri kununua pweza na kurudi.

Kitu kingine cha kuangalia ni kusimama. Inashusha presha ukinyanyuka ghafla, na sisi wa MS mizani yetu tayari ni ya kuazima. Usiku ukitaka kwenda msalani kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu, ndo usimame, na taa washa. Nilianguka uani nikapasua kidevu, mshono upo.

Nina shoga yangu yuko Dar naye ana MS, tulijuana kliniki, yeye anameza duloksetini. Hiyo ni ya baadaye, Marekani iliruhusiwa 2004, kwa sonona na kwa maumivu ya mishipa ya wenye kisukari. Kwake imemshika vyote viwili, maumivu na sonona yenyewe, maana alikuwa na sonona ya kweli, na hili tusiliruke, karibu nusu ya wenye MS inawapitia wakati fulani wa maisha. Duloksetini haikaushi hivi, kichefuchefu ndo kilimtesa mwanzo na presha wanamuangalia. Na jasho, yeye anatoka jasho mpaka mtandio unalowa! Tunachekana kwenye simu, mimi nimekauka yeye analowa, tungegawana tungekuwa sawa. Nilitaka kuhamia hiyo, ila famasi nilizoulizia hapa mjini hawakuwa nayo na bei ya Dar kwa mshahara wangu haiingiliani, wakati amitriptilini ni dawa ya bei ya chini, imo hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hivyo uchaguzi wangu haukuwa wa kitabibu peke yake, ulikuwa wa pochi pia, na nadhani wengi wetu ndo tunavyochagua.

Ila usichanganye mwenyewe. Fluoksetini ukiijumlisha na amitriptilini inalizuia ini lisiivunje, amitriptilini inajaa kwenye damu bila wewe kuongeza hata kidonge. Tramadoli nayo, hii watu wa huku wanaimeza kama njugu, ukiiweka juu ya hizi dawa unaweza kupata degedege. Mtu akikuandikia chochote, hata cha kikohozi, taja unachomeza. Na weka juu kabisa mbali na watoto, nasema kama mama, kidonge hiki kidogo kikizidi kinaushika moyo na hakina masihara. Kama nyumbani kuna mtu amekata tamaa ya maisha, dawa ikae na mtu mwingine.

Na isikatike ghafla. Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipoharibu barabara pale Somanga mabasi ya Dar yalikwama, na mimi kipindi hicho mzigo wangu ulikuwa unakuja na basi, kilomita 500 na ushee. Ilibaki kidogo kwenye kopo. Nilimpigia daktari akanipangia nipunguze nusu nusu ili isikate siku moja, maana ukikata ghafla unapata kichefuchefu, kichwa, usingizi unapotea na mwili hautulii, na moto wa miguu unarudi na hasira zake. Barabara ikafunguka kabla sijaishiwa. Tangu hapo naweka akiba ya mwezi mmoja mbele, na ninanunua hapa hapa.

Kuna uvumi mwingine nataka niuue. Mtu alinitumia ujumbe kwamba dawa za sonona zinatibu MS yenyewe, zinazuia ubongo usisinyae. Hilo lilijaribiwa kwa uzito kabisa, Uingereza, utafiti unaitwa MS-SMART, wagonjwa 445 wa MS ile inayoendelea kushuka taratibu, wakapewa fluoksetini au dawa nyingine mbili au kidonge kisicho na kitu, wakafuatiliwa wiki 96 na kupimwa ubongo kwa MRI. Matokeo yalitoka 2020, hakuna hata moja iliyozuia kusinyaa. Basi. Dawa za kuzuia MS ni nyingine kabisa, na 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye ile orodha yake, rituksimabu ikiwemo, kuzipata ni stori ndefu ya siku nyingine. Ukimuona mtu anakuuzia dawa ya sonona kama tiba ya MS, shika pochi yako.

Na ile sifuri ya huzuni sio lawama. Kwa 25 haiwezi, haikupewa kazi hiyo. Mwaka jana huzuni yenyewe ilinijia, ile ya kutotaka kufungua dirisha, na kulala vizuri usiku hakukuiondoa. Nilikwenda hospitali ya Ligula nikakaa na mtu wa afya ya akili, tukaongea sana, na sikuongezewa kidonge, ilikuwa ni kuongea na kurudi kwenye kwaya ya qasida ya kina mama, taratibu ikaondoka. Wengine watahitaji dawa na waimeze bila aibu.

Mpango wangu wa sasa na daktari ni huu: kaskazi ikianza nashuka mpaka nusu kidonge, moto wa miguu unapanda kidogo usiku lakini mchana natembea na jasho linatoka, kusi likirudi napanda mpaka kizima. Ya miligramu 10 ingekuwa rahisi zaidi kupangia, mimi hapa mjini sijaibahatisha, kwa hiyo tunakata ya 25 kwa kisu au kile kikatio cha vidonge. Nusu ikishakatwa ganda lake la juu limepasuka, ni chungu ajabu na ukiichelewesha mdomoni ulimi unakufa ganzi, iweke nyuma kabisa ya ulimi uisukume na maji mengi.